Maumivu Kwisha si Kupona: Kinga na Tiba ya Majeraha ya Michezo kwa Njia ya Mazoezi

MKOA wa Singida umezoeleka kutajwa kwa alizeti, kuku wa kienyeji na upepo wake, lakini katika miaka ya karibuni umekuwa ukitajwa pia kwa michezo. Septemba 15, 2025 jijini Tokyo, Japani, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi mkoani humo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za marathoni kwa kutumia saa 2:09:48, muda uleule ulioandikwa kwa Mjerumani Amanal Petros aliyeshika nafasi ya pili. Kwa upande wa soka, Uwanja wa Liti mjini Singida, uliojulikana zamani kwa jina la Namfua, umeshuhudia mechi za Ligi Kuu za Singida United, Singida Big Stars na Singida Black Stars.

Mafanikio ya namna hiyo huwavuta vijana. Jioni, wengine hucheza soka la mchangani katika viwanja vya udongo mkavu na changarawe, wasichana hucheza mpira wa pete shuleni, na wengine hukimbia barabarani alfajiri wakiota kufika alikofika Simbu. Wengi wao hawana daktari wa timu. Anapoumia mmoja wao, hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa nguvu, hupumzika wiki moja au mbili hadi maumivu yatulie, kisha hurudi uwanjani. Baada ya muda mfupi huumia tena mahali palepale, safari hii vibaya zaidi, na kipaji hupotea kabla hakijajulikana.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na namna tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, pamoja na mazoezi rahisi yasiyohitaji vifaa vya gharama, yanavyoweza kulizuia.

Aina za majeraha

Majeraha ya michezo hugawanyika katika makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza ni majeraha ya ghafla, kama vile kuteguka kifundo cha mguu (enka), kuchanika nyama za paja, kuumia goti au kuvunjika mfupa. Kundi la pili ni majeraha yanayojijenga polepole kutokana na kurudia mzigo uleule bila mwili kupewa nafasi ya kujizoesha. Humo yamo maumivu ya ugoko, ya kano ya kisigino, ya goti kwa mbele, na nyufa ndogo za mifupa zinazowapata wakimbiaji.

Ni vyema pia kutofautisha sehemu zinazoumia. Misuli ndiyo inayotoa nguvu ya kusogeza mwili. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti ni nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa na kuzuia kiungo kisipinde kupita kiasi. Enka inapoteguka, mara nyingi zinazoumia ni ligamenti za upande wa nje. Mchezaji anapokimbia kwa kasi na kushika paja ghafla, mara nyingi ni msuli wa nyuma ya paja uliochanika.

Kwa nini jeraha hurudi

Mwili hupona kwa hatua. Katika siku chache za mwanzo eneo lililoumia huvimba na kuuma, kwa kuwa damu na chembe za kinga huingia kusafisha palipoharibika. Kisha mwili hufuma nyuzi mpya, kazi inayochukua wiki kadhaa. Baada ya hapo nyuzi hizo hupangwa upya na kukazwa, na hatua hii huweza kuchukua miezi mingi, hata kukaribia mwaka kwa majeraha makubwa ya ligamenti na kano.

Maumivu hayafuati kalenda hiyo. Kwa jeraha la wastani, maumivu ya kawaida huweza kupungua sana ndani ya wiki mbili, wakati nyuzi mpya bado ni dhaifu. Ndani ya pengo hilo, kati ya siku maumivu yanapokwisha na siku kiungo kinapokuwa na nguvu kamili, ndipo wachezaji wengi huumia tena.

Kuna sababu ya pili. Ndani ya ligamenti na misuli mna neva zinazoujulisha ubongo kila wakati mguu umepinda kiasi gani. Enka ikiteguka, taarifa hizo hufifia. Mchezaji akikanyaga jiwe au shimo, misuli huchelewa kujibu, na mguu hupinda tena. Kupumzika peke yake hakurudishi uwezo huo, bali mazoezi ya mizani ndiyo huurudisha.

Sababu ya tatu ni udhaifu. Msuli usiotumika hupungua nguvu na unene ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mchezaji aliyelala mwezi mzima anarudi akiwa na kiungo kilichopunguza maumivu, huku misuli inayokilinda ikiwa dhaifu kuliko siku alipoumia.

Huduma katika saa za mwanzo

Kwa miaka mingi ushauri uliotolewa ulikuwa wa mambo manne: pumzika, weka barafu, funga bandeji na inua mguu. Ushauri huo ulipata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 1978 cha daktari wa Marekani, Gabe Mirkin. Miaka mingi baadaye Mirkin mwenyewe alieleza kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu huweza kuchelewesha kupona. Leo barafu inahesabiwa kuwa ni kituliza maumivu tu, na mapumziko kamili hayapaswi kuzidi siku chache.

Kwa jeraha la kawaida la enka au paja, mchezaji atoke uwanjani mara moja. Afunge bandeji inayobana kwa kiasi, bila kuzuia damu, na auinue mguu juu kidogo ya usawa wa moyo anapolala. Barafu ikipatikana, ifungwe katika kitambaa na kuwekwa dakika 10 hadi 15; isigusane moja kwa moja na ngozi. Katika siku 2 hadi 3 za kwanza ni vyema kuepuka kukanda kwa maji ya moto, kuchua kwa nguvu, pombe na kukimbia, kwani mambo hayo huweza kuongeza damu kuvuja ndani na uvimbe. Baada ya hapo mguu uanze kusogezwa na kukanyagwa taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Zipo dalili zinazohitaji hospitali bila kuchelewa. Kwa enka, madaktari wengi hutumia kanuni zilizotokana na utafiti wa mjini Ottawa, Kanada, mwaka 1992: mtu asiyeweza kutembea hatua 4, au anayeumia akibonyezwa nyuma ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani au wa nje, apigwe picha ya eksirei, kwani huenda mfupa umevunjika. Nyingine ni kiungo kilichopinda au kuhama mahali pake, goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kusikika mlio, ganzi au ubaridi chini ya jeraha, na maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku. Jeraha la namna hii halichuliwi wala halivutwi na mtu asiye na utaalamu.

Kichwa kina kanuni yake. Mchezaji aliyegongwa kichwa kisha akachanganyikiwa, akasahau matokeo, akatapika, akayumba au akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, atoke na asirudi siku hiyo hata akidai yuko salama. Kuanzia Julai 1, 2024 sheria za soka zinawaruhusu waandaaji wa mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji mwenye mtikisiko wa ubongo, ili timu isishawishike kumwacha uwanjani.

Fiziotherapia hufanya nini

Watu wengi hudhani kuwa fiziotherapia ni kuchuliwa tu. Kuchua kunaweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini kiini cha tiba hii ni kupima kilichoumia na kukiwekea mzigo unaofaa, kisha kuuongeza hatua kwa hatua. Mzigo ndio unaoziamuru nyuzi mpya zijipange na kukaza. Ukiwa mdogo mno kiungo hubaki dhaifu, na ukizidi hukiumiza upya. Kazi ya mtaalamu ni kuupata mzigo wa katikati.

Kwa enka iliyoteguka bila kuvunjika, hatua ya kwanza ni kuchezesha mguu juu na chini mara kadhaa kwa siku. Hufuata kusukuma mguu pande zote dhidi ya ukinzani. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa meza kinatosha. Kisha huja kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, kwanza macho yakiwa wazi, baadaye yakiwa yamefumbwa, na hatimaye huku mtu akidaka mpira. Mwisho ni kuruka, kukimbia na kukata kona.

Kwa kano ya kisigino inayouma kwa muda mrefu, utafiti wa Håkan Alfredson na wenzake nchini Swedeni, uliochapishwa mwaka 1998, ulibadili mtazamo wa madaktari. Wanamichezo 15 waliokuwa na maumivu sugu walipewa zoezi moja kwa wiki 12, nao wote walirudi kukimbia. Zoezi lenyewe ni kusimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, kujiinua kwa mguu mzima, kisha kuteremsha kisigino cha mguu unaouma polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Hufanywa mara 15 kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka, na tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Maumivu madogo wakati wa zoezi hili yanakubalika. Maumivu makali yanayoendelea hadi kesho yake ni ishara kwamba mzigo umezidi.

Goti ndilo linalowatia watu hofu zaidi, hasa ligamenti ya mbele ya ndani inapokatika. Upasuaji wa aina hiyo ni wa kibingwa, na mgonjwa wa Singida anaweza kulazimika kusafiri mbali, kwa mfano hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 700. Hata hivyo, si kila goti la namna hiyo hupasuliwa. Nchini Swedeni watu wazima 121 waliokuwa wakishiriki michezo waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipasuliwa mapema, la pili lilianza na mazoezi ya fiziotherapia na kuruhusiwa kupasuliwa baadaye ikihitajika. Baada ya miaka 5 hali za makundi hayo mawili zilikuwa karibu sawa, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamehitaji upasuaji. Uamuzi wa kupasua hutegemea mchezo wa mtu, umri wake na kama goti linachomoka anapotembea. Lakini kwa atakayepasuliwa na asiyepasuliwa, miezi ya mazoezi haiepukiki.

Kinga kabla ya mpira kuchezwa

Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) kupitia kituo chake cha utafiti wa tiba liliandaa mpango wa kupasha misuli moto unaoitwa FIFA 11+. Huchukua dakika 20 na una sehemu tatu: kukimbia taratibu kwa dakika 8, mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka kwa dakika 10, na mbio za kasi zenye kukata kona kwa dakika 2. Hufanywa angalau mara 2 kwa wiki na hauhitaji zaidi ya mpira na uwanja.

Mpango huo ulijaribiwa barani Afrika pia. Katika ligi ya vijana mjini Lagos, Nigeria, wachezaji 416 wa timu 20 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Timu zilizoutumia zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 zikilinganishwa na zilizopasha misuli kwa mtindo wao wa kawaida. Lagos si Ulaya. Mazingira ya viwanja na vifaa vya vijana wake hayatofautiani sana na ya kwetu.

Zoezi moja katika mpango huo linastahili kutajwa peke yake. Mchezaji hupiga magoti juu ya nguo laini, mwenzake akimshikilia vifundo vya miguu kwa nyuma. Kisha hushusha mwili mbele polepole, kuanzia magoti hadi mabega ukiwa umenyooka, akijizuia kwa nguvu ya nyama za paja hadi atakaposhindwa, ndipo ajipokee kwa mikono. Nchini Denmark mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya wachezaji 942. Kundi lililofanya zoezi hilo kwa wiki 10 na kuliendeleza lilipata majeraha 15 ya nyama za paja, wakati kundi lisilolifanya lilipata 52. Anayeanza afanye mara 5 tu, mara moja kwa wiki, kwani misuli huuma sana siku za mwanzo.

Kwa wasichana wa mpira wa pete na soka, mkazo uwekwe katika namna ya kutua. Wanawake huumia ligamenti ya mbele ya goti mara 2 au zaidi ya wanaume katika michezo inayofanana. Mchezaji afundishwe kutua kwa miguu miwili inapowezekana, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea usawa wa vidole vya miguu, yasigongane kwa ndani. Mwalimu anaweza kulikagua hilo kwa macho tu.

Kwa wakimbiaji, tatizo kubwa ni haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ukiwahusisha wakimbiaji zaidi ya 5,000 ulionyesha kuwa hatari ya kuumia hupanda mtu anapokimbia siku moja umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu zaidi alioukimbia katika siku 30 zilizotangulia. Kwa maneno mengine, aliyezoea kilomita 10 asiruke hadi 15 kwa sababu tu amesikia kuna mbio za zawadi Jumapili. Aanze na 11.

Kanuni hiyo inahusu shule pia. Wanafunzi ambao hawakufanya mazoezi kwa miezi kadhaa huitwa ghafla kwenye kambi za UMITASHUMTA na UMISSETA na kufanyishwa mazoezi asubuhi na jioni. Mifupa ya watoto bado inakua, na sehemu zake za ukuaji, kama za kisigino na chini ya kilemba cha goti, huumia kwa urahisi. Mwalimu aanze kuwaandaa mapema, na mtoto anayechechemea asilazimishwe kukimbia.

Lini mchezaji arudi uwanjani

Swali ambalo kocha huuliza ni "Bado unaumwa?" Swali hilo halitoshi, na linapojibiwa baada ya sindano au vidonge vya kutuliza maumivu halina maana kabisa, kwa kuwa dawa huzima kengele wakati moto bado unawaka. Maswali yanayofaa ni haya:

Je, kiungo kinakunjika na kunyooka sawa na cha upande wa pili? Je, uvimbe umekwisha na haurudi kesho yake baada ya mazoezi? Je, mchezaji anaweza kujiinua kwa vidole vya mguu ulioumia mara nyingi kama kwa mguu mzima? Akiruka kwa mguu mmoja, je, umbali anaofikia ni angalau asilimia 90 ya ule wa mguu mzima? Je, amekwisha fanya mazoezi kamili na wenzake, yakiwemo ya kasi na kukabiliana, bila hofu wala kuchechemea? Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, bado hajapona.

Kwa waliopasuliwa ligamenti ya goti, muda nao una uzito wake. Watafiti wa Norway walieleza mwaka 2016 kwamba kila mwezi mmoja mchezaji anaosubiri kabla ya kurudi, hadi kufikia miezi 9, hupunguza takriban kwa nusu uwezekano wa kuumia tena.

Watanzania wanamkumbuka kwa heshima John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti na bega katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alifungwa bandeji, akaendelea, na akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, huku wengine 18 wakiwa wameachia njiani. Ujasiri ule ulihusu siku moja ambayo haikuwa na marudio kwa nchi changa. Hauwezi kuwa utaratibu wa mazoezi ya kila wiki wala sababu ya kumrudisha kijana wa miaka 16 kwenye bonanza la mtaa akiwa anachechemea.

Wajibu wa kila mmoja

Mjini Singida, mgonjwa mwenye dalili za hatari zilizotajwa anapaswa kufikishwa kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na akiwa huko aulize waziwazi kuhusu fiziotherapia badala ya kuridhika na vidonge. Mtaalamu akimpangia mazoezi, kazi kubwa hufanyika nyumbani: ziara moja ya hospitali haina faida kama mazoezi hayarudiwi kila siku.

Kocha wa mtaani anaweza kutenga dakika 20 za FIFA 11+ kabla ya mazoezi, kuondoa mawe na kufukia mashimo uwanjani, na kuwa na bandeji mbili katika mkoba. Kiongozi wa timu anaweza kukubaliana na wachezaji, kabla ya ligi kuanza, kwamba aliyeumia hapotezi namba kwa kusubiri. Mzazi anaweza kumuuliza mtoto wake si tu kama amefunga goli, bali kama goti lake limevimba.

Hakuna kati ya mambo hayo linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji subira ya wiki chache zaidi baada ya maumivu kukoma, na kwa kijana mwenye kipaji wiki hizo ni chache zikilinganishwa na miaka anayoweza kuipoteza.